Kruzi kontroli ya kiwandani katika magari ya misuli ya Marekani: ilikuwepo, na tafadhali usiing'oe

Mtambo_Mkongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mara nyingi katika mijadala ya magari ya kale ya Marekani nimemwona mtu akiandika kwa uhakika kwamba gari la misuli (gari la kawaida lililofungwa injini kubwa yenye nguvu nyingi) la miaka ya 1960 halikuwahi kutoka kiwandani likiwa na kruzi kontroli, na kwamba kila utakayoikuta ndani ya Pontiac GTO, Chevrolet Camaro au Dodge Charger imefungwa baadaye na fundi wa mtaani. Kauli hiyo si kweli. Kwa sababu yake vifaa adimu vinang'olewa na kutupwa na watu wanaoamini kwamba wanalirudisha gari katika hali yake ya asili. Mimi ninaishi Indiana na ninamiliki Pontiac GTO ya mwaka 1968 iliyopoteza kifaa chake kwa njia hiyohiyo kabla sijainunua. Nimetumia miaka miwili kuirudishia, kwa hiyo naomba mniruhusu nieleze kwa kirefu.

Tuelewane kwanza kuhusu kifaa chenyewe. Msomaji aliyeko nyumbani anavijua vidhibiti mwendo vya mabasi, ambavyo kazi yake ni kumzuia dereva asivuke kiwango fulani. Kruzi kontroli hufanya kazi nyingine: hushika mwendo alioutaka dereva, ikiongeza mafuta gari linapopanda mlima na kuyapunguza linaposhuka, huku dereva ameondoa mguu. Hata hivyo, vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu kifaa cha kwanza kabisa kilikuwa na tabia za vyote viwili.

Mwasisi wake ni Ralph Teetor, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1890 katika mji mdogo wa Hagerstown hapa Indiana, akapofuka akiwa mtoto wa miaka 5. Alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1912, akaja kuiongoza kampuni ya Perfect Circle iliyotengeneza ringi za pistoni, na mwaka 1936 akawa rais wa SAE, chama cha wahandisi wa magari wa Marekani. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisafiri na wakili wake aliyekuwa na kawaida ya kupunguza mwendo kila alipozungumza na kuuongeza kila aliponyamaza kusikiliza, na abiria huyu asiyeona, ambaye mwili wake ulihisi kila badiliko, alichoshwa na safari ya namna hiyo. Vita Kuu ya Pili nayo ilikuwa imeleta ukomo wa maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56, ili kuokoa mafuta na mipira, na mtu yeyote aliyejaribu kushika mwendo huo kwa mguu peke yake kwa saa nzima anajua jinsi ulivyo mgumu. Hataza yake ilitolewa Agosti 1950. Chrysler ikakiuza kifaa hicho kwa mara ya kwanza katika magari yake ya mwaka 1958, yaani Imperial, New Yorker na Windsor, kwa jina la Auto-Pilot.

Katika Auto-Pilot, waya wa spidomita ulizungusha vipande viwili vya chuma vyenye uzito, ambavyo hutanuka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kutanuka huko kukaendesha mota ndogo ya umeme iliyosukuma mkono wa mafuta. Dereva alichagua mwendo kwa kuzungusha kitufe kwenye dashibodi, na alipoufikia, pedeli ya mafuta ilikuwa nzito chini ya mguu wake, kama mtu anayeguswa bega. Akitaka, aliweza kuufunga mwendo huo na kupumzisha mguu hadi atakapogusa breki. Cadillac iliichukua teknolojia hiyo muda mfupi baadaye na kuiita Cruise Control, na jina hilo ndilo lililobaki kinywani mwa watu.

Sasa tuje kwenye magari yetu. Hadi kufikia mwaka 1967 kifaa hiki kilikuwa kimeshuka kutoka kwenye magari ya kifahari hadi kwenye magari ya ukubwa wa kati na hata madogo. Chevrolet ilikiorodhesha kwa namba ya oda K30, na Camaro ya kwanza kabisa, ya mwaka 1967, ilikuwa nacho katika orodha yake kwa dola 50.05. Katika Camaro zaidi ya 220,000 za mwaka huo, zilizoagizwa na K30 hazikufika hata 1,000. Ford iliwapa wanunuzi wa Mustang ya 1967 kifaa ilichokiita Fingertip Speed Control. Dodge na Plymouth, za kampuni ya Chrysler, walikiita Automatic Speed Control, na kwenye kibati cha namba za oda kilichofungwa chini ya boneti utakitambua kwa alama N88. Pontiac nayo ilikiuza kwa mnunuzi wa GTO aliyechagua gia ya otomatiki.

Masharti yalifanana karibu kila mahali: lazima injini iwe V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, na lazima gia iwe otomatiki. Sharti hilo la pili ndilo lililoyatoa nje magari mengi yanayosifiwa leo. Camaro Z/28 ya miaka ya 1967 hadi 1969 iliuzwa kwa gia nne za mkono peke yake, na Mustang Boss 302 na Boss 429 vilevile, kwa hiyo ukiambiwa kwamba mojawapo ya hizo ilitoka kiwandani na kruzi kontroli, usiamini. Corvette, ambayo watu wengi hudhani ilikuwa na kila kitu tangu zamani, ilisubiri hadi mwaka 1977, tena kwa yenye gia ya otomatiki pekee.

Gia_Nne

Mkuu Mtambo_Mkongwe, nakushukuru kwa historia nzuri, lakini naomba nikupinge kwa heshima. Gari la misuli lilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya kasi ya robo maili. Pontiac walipochukua Tempest mwaka 1964 na kuiwekea injini ya inchi za ujazo 389, hawakuwa wakimfikiria mzee anayetaka kupumzisha mguu. Kama waliokinunua kifaa hiki walikuwa wachache kiasi hicho, je, hilo lenyewe halioneshi kwamba hakikuwa na mahali katika magari haya? Binafsi naona kuwa na kruzi kontroli ndani ya gari la namna hiyo ni kama kumfunga kengele farasi wa mashindano.

Mtambo_Mkongwe

Ndugu Gia_Nne, pingamizi lako ni la haki na nililitarajia. Naomba tu tukumbuke kwamba wengi wa walionunua magari haya mapya walikuwa na gari hilo moja tu. Jumamosi usiku lilikwenda kwenye mashindano, Jumatatu asubuhi likaenda kazini, na sikukuu ilipofika likaibeba familia kuvuka majimbo matatu kwenda kwa bibi. Sheria ya mwaka 1956 ilikuwa imeanzisha mtandao wa barabara kuu za Interstate wenye urefu uliopangwa kufikia maili 41,000, na katikati ya miaka ya 1960 sehemu kubwa ya barabara hizo ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Barabara iliyonyooka kutoka Indianapolis kwenda St. Louis haina robo maili za kushindania. Ina maili 240 za kushika mwendo mmoja.

Isitoshe, orodha za oda zilimruhusu mtu achague uwiano wa gia za ekseli ya nyuma kwa kufuata matumizi yake. Mwenye ekseli ya 3.90, akienda maili 65 kwa saa, injini yake huzunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika na kelele haimruhusu kuzungumza. Mwenye ekseli ya 2.93, ambayo katika GTO mara nyingi iliandamana na gia ya otomatiki na kiyoyozi, hubaki karibu na mizunguko 2,400. Hilo ni gari la safari lenye nguvu za kutisha, na ndani ya gari la namna hiyo kruzi kontroli ina mahali pake kabisa. Kwa maoni yangu, gari lenye kifaa hiki linatueleza zaidi kuhusu maisha halisi ya miaka ile kuliko yale yaliyoishi kwenye trela.

Nasra_wa_Makadara

Shikamoo Mzee Mtambo. Niko Mombasa, na mume wangu ameona tangazo la Mustang ya 1966 inayouzwa huko Marekani. Muuzaji ameandika kwamba gari lina "Cruise-O-Matic ya kiwandani", na bei yake ameipandisha kwa sababu hiyo. Je, hiyo ndiyo kruzi kontroli unayoizungumzia?

Mtambo_Mkongwe

Marahaba, binti yangu, na umeuliza swali ambalo lingewaokoa watu wengi fedha zao. Hapana, sivyo kabisa. Cruise-O-Matic ni jina la biashara ambalo Ford iliipa gia yake ya otomatiki ya hatua tatu tangu mwaka 1958, na haina uhusiano wowote na kushika mwendo. Muuzaji huyo ama hajui anachokiuza, ama anategemea kwamba mnunuzi hajui. Mwambie mumeo alipie gari kwa thamani ya gari lenye gia ya otomatiki, basi.

Kuna mtego wa pili wa aina hiyo upande wa Chevrolet. Namba ya oda U15 iliitwa kionyo cha mwendo: ndani ya spidomita kulikuwa na mshale wa pili ambao dereva aliupanga kwenye mwendo fulani, na gari lilipoufikia, kengele ya umeme ilivuma. Kionyo hicho hakikuwa na mkono wowote kwenye kabureta. Kilichojua ni kulalamika tu. Nimekutana na Chevelle mbili, gari jingine la Chevrolet, zilizotangazwa kuwa na K30 kumbe zina U15, na wauzaji wote wawili walikuwa watu waaminifu waliodanganywa na mshale ule.

Fundi_Bomba

Naomba niongezee upande wa ushahidi, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kufungua magari haya. Kifaa chenyewe kikiwa kimeshang'olewa, mwili wa gari huwa bado unasema. Tazameni kwanza ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, kwa sababu waya wa spidomita wa kawaida ni mmoja, unaotoka kwenye giaboksi moja kwa moja hadi kwenye spidomita, lakini gari lenye kruzi kontroli lina nyaya mbili: wa kwanza unatoka kwenye giaboksi hadi kwenye regulata, yaani kisanduku cha kruzi kontroli kinachopima mwendo, na wa pili unatoka kwenye regulata hadi kwenye spidomita. Kisha tazameni bracketi ya pedeli ya breki, ambapo pamoja na swichi ya taa za breki panatakiwa kuwa na nafasi ya vali ya kuachia ombwe, yaani nguvu ya mvuto wa injini inayoendesha kifaa. Mwisho, mkono wa indiketa wa magari ya GM (General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, Pontiac na Cadillac) ya kipindi hicho una kitufe kwenye ncha yake, na waya wake unapita ndani ya nguzo ya usukani. Mtu anayefunga kifaa cha dukani hahangaiki kupitisha waya humo.

Karatasi nazo zipo, na zina nguvu kuliko maneno ya mwenye gari. Kwa Pontiac, Pontiac Historic Services wanatoa nakala ya kumbukumbu za kiwandani za gari husika. Kwa Ford za kuanzia mwaka 1967 ipo Marti Report, ripoti inayotolewa kutoka kumbukumbu za Ford. Kwa Chrysler na GM, karatasi ya kuundia gari mara nyingi hukutwa imesahauliwa ndani ya gari lenyewe, katikati ya springi za kiti au juu ya tangi la mafuta, kwa hiyo msitupe kiti kilichochakaa kabla ya kukipekua.

Mtambo_Mkongwe

Ahsante sana, Fundi. Karatasi ya Pontiac ndiyo iliyonifungua macho mimi mwenyewe. Gari lilikuwa limepita katika gereji moja ambayo ilililainisha na kulipaka rangi kwa ustadi mkubwa, na mwenye gereji akaniambia kwa fahari kwamba alikuwa ameondoa "takataka zote zisizo za asili" chini ya boneti. Nilipoletewa karatasi na kuona kruzi kontroli imeandikwa pale, bei yake mbele yake, niliumia sana. Tundu la waya lilikuwa limeshazibwa kwa kulehemu.

Mwanagenzi_Dodoma

Shikamooni wakubwa zangu. Ninasomea ufundi wa magari na ningependa kuelewa kifaa cha miaka hiyo kilifanyaje kazi bila kompyuta, na kwa nini gia ya mkono ilikatazwa.

Mtambo_Mkongwe

Marahaba, kijana wangu. Nitaeleza mfumo wa GM wa mwishoni mwa miaka ya 1960, ambao ndio niliouchezea kwa mikono yangu, na ukiuelewa huo, wa Chrysler hautakusumbua.

Injini ya petroli inapovuta hewa huku kabureta likiwa limefunguliwa kidogo tu, ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, hutokea ombwe, na ombwe hilo ndilo lililokuwa mfanyakazi wa bure wa magari yale. Lilisaidia breki, liliendesha vifuniko vya hewa ya joto, na katika GTO ya 1968 yenye taa zilizofichwa, lilifungua hata milango ya taa. Kruzi kontroli iliazima nguvu hiyohiyo. Ndani ya regulata, waya wa spidomita unazungusha vipande vyenye uzito, kama katika kifaa cha Teetor. Dereva anapobonyeza kitufe, sumaku ya umeme inaufunga mkono mdogo kwenye mwendo wa wakati ule. Gari likianza kupunguza mwendo, mkono unasogea na kuruhusu ombwe zaidi lifike kwenye kikombe cha mpira kinachoitwa servo, kikombe kinajikunja, na mnyororo mwembamba wa shanga za chuma unavuta mkono wa kabureta. Gari likizidisha mwendo, hewa inaingizwa, kikombe kinalegea, na kabureta linajifunga kwa springi yake. Hapana kompyuta wala kipimo cha kielektroniki, lakini barabarani kifaa kikiwa kizima hutakuta mshale wa spidomita ukicheza zaidi ya maili moja au mbili.

Kuhusu gia ya mkono, fikiria jambo hili. Kifaa kimeshika maili 65, gari linapanda mlima, kabureta limefunguliwa sana, na dereva anakanyaga klachi ili abadilishe gia. Injini imeachiliwa mzigo wake kwa ghafla huku mnyororo bado unavuta mafuta, nayo itapaa hadi kuharibika. Breki ilikuwa na swichi ya kukata kifaa, ilhali klachi haikuwa nayo. Baadaye viwanda viliongeza swichi kwenye pedeli ya klachi na tatizo likaisha, ila kwa magari tunayoyazungumzia wakati ulikuwa umeshapita.

Injini zenye kamshafti kali (kamshafti ni ekseli inayofungua na kufunga vali za injini) nazo zilikuwa tatizo. Kamshafti ya mashindano huacha vali wazi kwa muda mrefu, ombwe linapungua, na servo inabaki haina nguvu ya kuvuta. Ukiongeza kabureta mbili au tatu zenye mikono inayofunguka kwa zamu, mnyororo mmoja uliobuniwa kwa kabureta moja hauna pa kushika vizuri. Kwa hiyo, unapokutana na gari lenye kruzi kontroli halisi, mara nyingi utakuta injini yake ni ile ya kati: kubwa, yenye kabureta moja na kamshafti tulivu.

Gia_Nne

Mkuu, nakiri kwamba hoja ya barabara kuu imenigusa, maana nilikuwa nikiyafikiria magari haya kama wanavyoyaonesha kwenye mabango. Ninalo swali la vitendo. Rafiki yangu ana Charger yenye N88 kwenye kibati chake na kifaa kipo kamili, lakini anaogopa kukitumia. Afanyeje?

Mtambo_Mkongwe

Hofu yake ni ya busara, kwa sababu anakikabidhi kifaa cha zaidi ya miaka 50 mkono wa mafuta wa injini ya V8. Asikijaribu barabarani kabla ya kukagua njia zake za kujizima, injini ikiwa imezimwa. Mfumo niliouzoea una njia mbili, na zote mbili ziwe hai: swichi ya umeme kwenye pedeli ya breki inayokata umeme wa regulata, na vali inayofunguka pedeli inaposhuka ili hewa iingie na servo ilegee hata kama umeme umegoma kukatika. Mimi nilikuta vali yangu imekwama kwa kutu, nikaitupa bila kufikiri mara mbili. Mipira yote ya ombwe ibadilishwe, maana ya zamani hupasuka ikipata joto. Mnyororo wa kabureta uwe na ulegevu kidogo injini ikiwa imepata moto na inanguruma bila mzigo: ukikaza, injini haitashuka hadi mzunguko wake wa chini, ukilegea mno, gari litapoteza mwendo kabla kifaa hakijashika.

Akishaona kila kitu kiko sawa, atafute barabara iliyonyooka, isiyo na magari, abonyeze kitufe na aguse breki mara kadhaa kabla ya kukiamini kwa safari. Kwa regulata ya GM ya aina niliyonayo, kama gari linashika mwendo ulio chini ya ule uliobonyeza, legeza nati na uzungushe bomba dogo la hewa kuelekea nje. Kama linashika juu yake, lizungushe kuelekea ndani. Robo mzunguko hubadilisha takribani maili moja kwa saa, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Kwa Charger afuate kitabu cha ufundi cha Chrysler cha mwaka wa gari lake, kwa kuwa servo yao hurekebishwa kwa namna tofauti.

Fundi_Bomba

Naongeza moja kabla sijarudi kazini. Marekani ilipopata uhaba wa mafuta mwishoni mwa 1973 na Rais Nixon akatia saini ukomo wa maili 55 mwezi Januari 1974, watu wengi walianza kukitafuta kifaa hiki kwa ajili ya kuokoa mafuta na kukwepa faini. Wengi walifungiwa madukani na si kiwandani. Ukikuta regulata kwenye gari la 1969, usikate kauli kabla ya kuona karatasi.

Mtambo_Mkongwe

Ni kweli kabisa, na kwa ajili hiyo mimi sikununua chochote kabla ya karatasi kunifikia. Regulata niliipata kwa mtu aliyekuwa akivunja Pontiac kubwa ya mwaka huohuo, servo nikaipata mahali pengine, na mkono wa indiketa wenye kitufe ndio ulionichelewesha kwa miezi 11. Tundu lililolehemiwa nimelifungua tena kwa kulipima dhidi ya gari la mwenzangu ambalo halijaguswa. Mwezi uliopita nililipeleka hadi Hagerstown na kurudi, kifaa kikishika maili 60 karibu njia nzima.

Limebaki jambo moja: mshale wa spidomita unaonesha maili nne zaidi ya mwendo halisi. Kifaa hakijali, kwa sababu kinashika mzunguko wa waya na si namba iliyoandikwa, ila nadhani giaboksi yangu imewekewa kigia cha plastiki cha kuzungusha waya wa spidomita kilicho cha ekseli nyingine. Fundi, kama unacho kinachofaa kwa ekseli ya 2.93 na mipira ya inchi 14, tafadhali niandikie faragha.